Dakika ya Thelathini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza daftari jipya kwa sababu la zamani limejaa ratiba ambazo sikuzifuata. Leo ripoti ya mtahini wa nje imefika. Nimeisoma nimesimama kwenye korido ya idara, mkoba begani, mwavuli mkononi ingawa mvua bado haijaanza. Kurasa nane. Saba na nusu ni sifa na makosa ya koma. Nusu iliyobaki ndiyo imenimaliza.

Anasema amesikiliza rekodi zote ishirini na saba nilizoambatisha. Zote! Sijawahi kusikia mtahini aliyesikiliza hata moja. Nukuu ya ukurasa wa 143, ambayo sura yangu ya nne yote imeiegemea, nimeandika kwamba ilitoka kwa fundi mmoja wa mitambo, dakika ya thelathini na moja. Ameirudia dakika hiyo mara nne, nukuu haimo. Anaomba maelezo siku ya utetezi, tarehe 12 Mei. Hakuandika kwamba nimebuni. Ameandika "chanzo hakikuonekana". Ni mtu mwenye adabu zake.

Miaka saba nimeandika kuhusu kiwanda kimoja cha nguo kilichoungua miaka ishirini iliyopita, na jinsi waliofanya kazi humo wanavyoukumbuka moto. Watu kumi na mmoja walifia kwenye mlango wa nyuma kwa sababu ulifungwa kwa nje. Ufunguo ulikuwa wa mlinzi. Alihukumiwa, akafungwa, akatoka mgonjwa, akafa. Hiyo ndiyo habari inayojulikana na wote. Sura ya nne ndiyo inayosema sivyo. Nukuu ikitoka, sura imeanguka. Sura ikianguka, shahada hakuna.

Dada amenikuta nimelala na viatu. Yeye ni fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana yake. Nguo yangu ya mahafali aliikata miaka minne iliyopita, na tangu hapo ameshaipanua kiunoni mara mbili.

"Ukichelewa tena," akasema, "naifanya pazia."

Jumanne, 4 Machi

Nimepanga vitabu kwa urefu. Basi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimesikiliza rekodi. Mchana kweupe, cherehani ya dada inakwenda nyuma ya mlango, mimi na vifaa vya masikioni. Nilimwogopa marehemu kama mtoto.

Fundi huyo wa mitambo alifariki Oktoba. Kwenye tasnifu anaitwa M-9, maana wote nimewaficha kwa namba. Sauti yake haina namba. Anaeleza uzi: ukilowa unanata, ukikauka mno unakatika, na fundi mzuri hujua hali ya hewa kwa vidole kabla hajachungulia dirishani. Anacheka. Ananitania kwamba kalamu yangu ina haraka kuliko masikio yangu. Kisha dakika ya thelathini na moja: kiti kinalia, anakohoa mara mbili, na anasema, "Zima kwanza hicho, mwanangu."

Kisha kimya cha kitufe. Faili linalofuata linaanza: "Haya, washa. Tulikuwa wapi?" Kati ya hapo na hapo, saa ya kinasa sauti inaonyesha dakika hamsini.

Dada amempa mtahini jina. Anamwita Bwana Masikio. Tumecheka sana, kisha mimi nikashindwa kuacha, ikabidi anishike mabega.

Jumanne, 11 Machi

Kwa Profesa, msimamizi wangu. Anastaafu Julai, na vitabu vyake viko kwenye maboksi tayari. Tumeongea mimi nimekalia boksi moja.

"Tatizo liko wapi?" akauliza. "Weka tanbihi. Mazungumzo yasiyorekodiwa, tarehe fulani. Basi."

"Aliniambia nisiandike, Profesa."

"Nani?"

"Fundi."

"Yuko wapi?"

"Amefariki."

"Sasa?" Akafungua mikono. "Kamati ya maadili itataka sahihi ya ndugu wa karibu. Ana mtoto? Mpelekee fomu. Mama, maliza. Tasnifu nzuri ni ile iliyokwisha."

Miaka saba nimekuwa nikitetemeka mbele ya mzee huyu. Leo nimeona soksi zake haziendani, na nimeona kwamba anataka kwenda nyumbani. Sikumchukia. Ila nilipotoka na fomu mkononi nilijua nimekwenda kuomba ushauri nikapewa ruhusa.

Jumatano, 12 Machi

Manyunyu. Hayajalowesha hata vumbi.

Jumatano, 19 Machi

Nimelitoa daftari la kazi la mwaka ule. Utaratibu wangu ulikuwa huu: yaliyorekodiwa naandika kwa wino mweusi, yaliyosemwa kinasa kikiwa kimezimwa naandika kwa kijani, ili nisije nikachanganya. Nilikuwa najisifia kwa wenzangu. Ule wino wa kijani ndio ulikuwa uaminifu wangu wote.

Ukurasa wenyewe ni wa kijani juu mpaka chini. Mstari wa kwanza: "Haya si ya kitabu. Nakwambia wewe kwa sababu yamenielemea." Chini yake, kwa mwandiko wangu: "Nikamwambia, sawa baba."

Nilipokuja kuchapa, wakati ule nilikuwa nafundisha vipindi kumi na nane kwa wiki, usingizi hakuna, homa juu. Kwenye kompyuta kila kitu ni cheusi. Nadhani ndivyo ilivyotokea. Mtu amechoka, anachapa, rangi zinapotea.

Jioni, nikikunja nguo, nimesikia mtu anakohoa mara mbili nyuma yangu. Nilikuwa sijavaa vifaa vya masikioni. Nilimwita dada, akajibu kutoka uani, mbali kabisa.

Jumatano, 26 Machi

Mvua imeanza rasmi. Imepiga mabati kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi. Dada ameweka beseni chini ya kona ile ile ya mwaka jana.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nimefanya jambo ambalo sijui nitalifutaje.

Binti wa Fundi ni muuguzi. Nilikutana naye mazishini, akanishika mkono akasema baba yake alinipenda kama mtoto. Leo nimemfuata kazini mwishoni mwa zamu. Alinipeleka chumba cha kupumzikia, kuna kabati za chuma na viatu vyeupe vimepangwa kwenye gazeti vikauke. Alinimiminia chai kwenye kikombe chake mwenyewe. Nikatoa fomu. Nilikuwa nimejifunza maneno njiani.

"Ni maneno ya baba," nikasema. "Yale yasiyorekodiwa. Chuo kinataka ridhaa ya familia."

Akachukua kalamu kutoka mfukoni. Alikuwa ananiamini kiasi hicho, tayari ameshainamia karatasi. Kisha akauliza tu, kama mtu anayeuliza tarehe, "Maneno gani?"

Nilidhani anajua. Naapa nilidhani nyumbani kwao wanajua, kwamba jambo zito hivyo mtu humwambia mwanawe kwanza. Nikafungua ukurasa wa 143, nikamsomea.

"Mlango wa nyuma niliufunga mimi. Upepo wa mvua ulikuwa unaingia, nyuzi zinakatika, msimamizi anafoka. Kitasa kilikuwa kibovu, bila ufunguo hakishiki, na tundu la ufunguo liko nje. Mlinzi alikuwa ameenda kunawa. Nikachukua ufunguo wake, nikafunga, nikaurudisha kwenye msumari wake. Nilisema nitamwambia akirudi. Zamu ikanikolea, nikasahau. Walipomkamata nilisema nitasema kesho."

Kalamu ilibaki hewani.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Mhudumu mmoja aliingia kuchukua koti lake, akatuangalia, akatoka bila koti.

"Miaka kumi na tisa," muuguzi akasema, "nimempikia, nimemfulia, mwishoni nimemgeuza kitandani kwa mikono hii. Hakuniambia. Akakwambia wewe na mashine yako."

"Mashine ilikuwa imezimwa, dada yangu."

"Kwa hiyo alikuomba uzime."

"Ndiyo."

"Na wewe umeandika."

Alikunja fomu mara mbili, akanirudishia kwa upole uliozidi kofi.

"Baba yangu nilimzika Oktoba," akasema. "Leo umeniletea mwingine. Sijui nimpeleke wapi. Nenda."

Nimetembea mpaka nyumbani kwenye mvua, mwavuli umefungwa. Dada ameniuliza kuna nini, nikasema nimenyeshewa. Akasema, "Hilo naliona. Nauliza lililobaki."

Alhamisi, 3 Aprili

Sijaandika kitu. Sijala kitu.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Kikohozi kile tena nyuma yangu, mchana, nikisahihisha kazi za wanafunzi. Safari hii niliinuka nikafungua kabati. Ukimwambia mtu kwamba umefungua kabati kumtafuta marehemu, atakupeleka hospitali. Na hospitali yenyewe ndiyo siwezi tena kwenda.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwambia dada yote. Alikuwa anapinda upindo wa suruali ya mtu, hakuacha kushona, na hilo lilinisaidia kusema.

"Kwa hiyo rangi zilipotea," akasema nilipomaliza.

"Ndiyo."

"Na ile dakika ya thelathini na moja, ilijiandika?"

Akakata uzi kwa meno.

"Mdogo wangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi si mtahini, niambie."

Basi nitaliandika na hapa, maana hapa pia nimedanganya, tarehe 19 Machi. Sikuwa na homa. Sura ya nne ilikuwa imekataa kusimama kwa miezi mitano. Nilifungua daftari la kazi, nikauona ukurasa wa kijani, nikaona ndiyo nguzo niliyokuwa naitafuta. Nikaichapa kwa mweusi. Mwongozo unataka dakika ya rekodi, nikaweka dakika aliyosema nizime, kwa sababu nilijua hakuna anayesikiliza rekodi. Kisha nikasema nitaweka sawa kabla ya kuwasilisha. Alipofariki Oktoba, nimeona aibu kuliandika hili, moyo wangu ulipata nafuu kidogo. Nikawasilisha Desemba.

Kwa hiyo nami nilifunga mlango, nikarudisha ufunguo kwenye msumari wa mwingine, nikasema kesho. Tofauti ni kwamba yeye alimtafuta mtu wa kumwambia.

Na yule Bwana Masikio niliyemcheka ndiye mtu pekee, katika miaka yote saba, aliyemsikiliza Fundi mpaka mwisho.

Alhamisi, 17 Aprili

Beseni limejaa mara tatu.

Jumanne, 22 Aprili

Muuguzi amekuja. Niliposikia sauti yake karakanani nilitaka kutokea dirishani. Dada alimkaribisha kiti, akamwondolea vitambaa, akatuacha.

Alikuwa amebeba ndoo ndogo yenye kifuniko. Aliiweka sakafuni, akaifungua: brashi iliyokakamaa lami, kisu kipana, kopo la lami lililobaki nusu.

"Kila mwaka mvua ikikaribia," akasema, "baba alikuwa anabeba hii ndoo. Anasema anakwenda kuziba paa la mama mmoja, mjane, hana mtu. Sisi tulikuwa tunamtania. Tukamwambia huyo mama ana paa gani lisilopona. Hata mwaka jana, kifua kimeshambana, alipanda." Akafunika ndoo. "Wiki ile uliyonisomea nilimuuliza jirani wa zamani wa baba huyo mama ni nani. Ni mke wa mlinzi."

Nilisikia mvua inavyoshuka kwenye beseni letu, tone moja moja.

"Mwaka huu hakuna aliyekwenda," akasema. "Mvua ina mwezi sasa. Mimi peke yangu siwezi kwenda. Na wewe peke yako sikuruhusu."

"Nitasema nini?"

"Utasoma. Si ndiyo kazi yako?"

Jumamosi, 26 Aprili

Nyumba ni vyumba viwili vya tofali, mlango wa bluu uliochubuka. Mjane ni mwembamba, ana miwani iliyofungwa uzi, na alitufungulia akiwa na sufuria mkononi. Ndani kulikuwa na sufuria nyingine tatu sakafuni, na kitanda kimesogezwa katikati ya chumba kukwepa maji.

"Shikamoo, mama," tukasema pamoja.

"Marahaba." Akaiangalia ndoo kabla ya kutuangalia sisi. Akaikazia macho. "Amefariki?" akauliza.

"Oktoba, mama," muuguzi akasema. "Mimi ni binti yake."

"Niliposikia mvua ya kwanza imepiga na yeye hajaja, nikajua." Akatupisha. "Piteni. Kaeni kitandani, ndipo pakavu."

Tukaketi watatu kwenye ukingo wa kitanda kama abiria. Nikajitambulisha: mwanafunzi wa chuo, naandika kuhusu kiwanda. Nikatoa ukurasa.

"Msomee polepole," muuguzi akaniambia. "Usiruke neno."

Nikasoma. Nilipofika kwenye msumari, mjane alivua miwani. Nilipomaliza hakulia wala hakupiga kelele. Alisogeza sufuria moja kwa mguu, maji yalikuwa yanapotea pembeni.

"Mwaka wa kwanza nilidhani ni huruma," akasema. "Wa pili nikadhani ananitaka." Akacheka kidogo, jino moja halipo. "Nikapaka mafuta, nikakaa nje. Yeye macho juu ya paa tu. Mwaka wa tatu nikajua. Mtu hapandi paa la mtu miaka yote hiyo bure."

"Mbona hukumuuliza, mama?" nikasema.

"Nimuulize nini? Nilikuwa namngoja aseme. Kila mwaka akishuka namwekea maji ya kunawa, namwekea kiti, nanyamaza, namwachia nafasi. Ananawa, anasema paa sasa liko sawa, anakwenda." Akairudisha miwani machoni. "Miaka kumi na tisa namwekea kiti. Kumbe maneno alikuwa nayo, akaja akakupa wewe. Msichana wa shule! Mimi nilikuwa hapa."

Muuguzi alijifunika uso. Mimi nilisema pole, mara nyingi mno, mpaka mjane akaniambia inatosha.

"Sauti yake unayo?" akauliza.

Nilikuwa na kinasa mkobani. Nikamwambia hilo jambo lenyewe halimo. Akasema haidhuru. Nikaweka dakika ya thelathini. Uzi, kicheko, kiti. Kikohozi mara mbili. "Zima kwanza hicho, mwanangu." Kisha kimya.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Mara ya tatu alifumba macho, na kimya kilipofika alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza mwenzake hatimaye anafika kwenye hoja.

Baadaye akauliza, "Kwenye kitabu chako mume wangu anaitwa nani?"

"Mlinzi, mama. Majina tumeficha yote, ni utaratibu, kuwalinda watu."

"Kumlinda na nini? Gazetini waliandika jina lake lote, na la baba yake, na picha. Sasa mnapotaka kusema hakufunga, mnamwita mlinzi?"

Sikuwahi kulifikiria hilo. Miaka saba ya kusoma, na sikuwahi.

"Nataka jina lake litoke," akasema. Kisha akamgeukia muuguzi. "Na la baba yako? Wewe ndiye utakayelibeba."

Muuguzi aliivuta ndoo karibu na miguu yake, akakibana kifuniko. "Aitwe fundi," akasema mwisho. "Jina niachieni."

"Baki nalo," mjane akasema. "La mume wangu litoke."

Nikaitoa ile fomu, akaandika ombi lake la jina na kusaini kwa herufi kubwa, moja moja. Muuguzi akasaini chini yake. Mvua ilipopumzika mimi nilishika ngazi na muuguzi akapanda, na brashi ngumu ya baba yake, akaziba kila tundu la msumari mjane alilomwonyesha kutoka chini kwa fimbo ya ufagio. Aliposhuka kulikuwa na maji ya kunawa na kiti.

Jumatano, 30 Aprili

Nimeandika upya sura ya nne. Nimeeleza wino wa kijani, na nani aliyeweka dakika ya uongo, na kwa nini. Profesa amesoma akanipigia simu: "Unajichongea." Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Weka namba za kurasa basi."

Jumatatu, 12 Mei

Utetezi. Chumba kirefu, meza ya umbo la yai, glasi za maji. Bwana Masikio ni mtu mfupi mwenye shali, na sikio moja lina kifaa cha kusaidia kusikia. Dada akijua atakoma kucheka.

Aliniomba niichezeshe dakika ya thelathini na moja. Watu watano tukamsikiliza marehemu akiomba izimwe. Kisha akauliza, bila ukali, "Ukaahidi?"

"Niliahidi."

"Na ukavunja."

"Nilivunja mara mbili. Nilipoiandika, na niliposema imetoka kwenye rekodi."

Nikawasomea nukuu kwa ridhaa ya wanawake wawili, na badala ya "mlinzi" nikasoma jina lake, na la baba yake, kama lilivyokuwa gazetini. Mjumbe wa maadili alisema majina hayaruhusiwi. Bwana Masikio akasema, "Mjane ameomba kwa maandishi. Liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao." Karani akauliza herufi zake. Nikamtajia moja moja.

Walinitoa nje dakika arobaini. Uamuzi: sijafaulu, sijafeli. Karipio la maandishi litakaa kwenye jalada langu. Miezi sita ya kuandika upya, rekodi zote zihakikiwe na mtu mwingine, kisha utetezi wa pili. Bwana Masikio alinipa mkono. Akasema, "Alikuwa na kicheko kizuri." Nikalia hapo hapo, mbele ya watu.

Nyumbani, dada alikuwa anangoja mlangoni na nguo ya mahafali begani. Nikamwambia miezi sita. Alikaa kwenye cherehani, akachukua kisu kidogo, akaanza kufumua mshono wa kiunoni.

Mvua ya mwisho mwisho imenyesha alasiri, ndefu. Muuguzi ameandika ujumbe: amepita kwa mjane, sufuria zote ziko jikoni. Nimekoholewa tena nyuma ya bega, mara mbili. Sikugeuka. Nimevaa vifaa vya masikioni, nikamsikiliza mpaka aliponiomba nizime, nikazima. Sikuwasha tena.